Harusi ambayo Shangazi hakupika

Saa mbili asubuhi, uani kwa Shangazi, sufuria nne kubwa zimeinamishwa juani, naye anasugua ya tano kwa mchanga na majivu. Kijana mmoja na mchumba wake wamebisha hodi. Wanataka awapikie siku ya harusi yao.

Shangazi haulizi idadi ya wageni wala aina ya chakula. Anajifuta mikono kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni.

"Ukumbi mmeshaulipia?"

"Tumelipa nusu," anajibu kijana.

"Mkataba mmeusoma?"

Wawili hao wanatazamana.

"Nendeni mkausome kwanza. Kama wana mpishi wao wa lazima, msinipe hata senti. Kama hawana, rudini tuzungumze."

Wanaaga, naye anarudi kusugua. "Kazi imeniponyoka hivi hivi mara tatu mwaka huu," anasema. "Lakini bora niikose leo kuliko binti wa watu aje kulia wiki ya harusi."

Ana miaka hamsini na tatu, na kwa miaka kumi na minane kazi yake imekuwa kupika kwenye harusi. Jina la Shangazi alilipata kwa mtoto wa kike wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Mama wa mtoto alifariki, na baba, dereva wa malori, akawa haonekani nyumbani ila mara mojamoja. Mtoto aliita Shangazi, wenzake wakaita Shangazi, mwisho hata mwenye duka.

"Mshahara sina," anasema. "Mwezi wenye harusi tatu tunashiba na ada inalipwa. Mwezi usio na harusi, tunapeana moyo."

Binti huyo alikulia katikati ya masufuria, na hakuna aliyewahi kuuliza nani angempikia siku yake. Lakini mwaka jana alipochumbiwa, upande wa mwanamume ulitangulia kulipia ukumbi. Ndipo ilipobainika kwamba mkataba unaruhusu mpishi mmoja tu: wa ukumbi wenyewe.

Kuhama kungemaanisha kupoteza malipo ya awali na kuwaketisha wageni mia tatu chini ya maturubai, msimu wa mvua. Binti alikuwa tayari. Shangazi akasema waende kwanza wakaonane na msimamizi wa ukumbi.

"Nilijiandaa kugombana," anakumbuka.

Msimamizi aliwaeleza kwamba zamani kila mtu aliruhusiwa kuja na mpishi wake, mpaka wageni wa harusi moja walipoumwa matumbo na lawama yote ikaangukia ukumbi.

"Mama, sikukatai wewe," alimwambia. "Nakataa jiko nisilolijua."

Shangazi akamshukuru, wakatoka. "Mimi mwenyewe, mtu akitia mkono kwenye sufuria yangu bila ruhusa, tunakosana. Ningemjibu nini?"

Nje, kwenye ngazi, binti alilia. "Shangazi, tuhame tu. Hela zitapatikana."

"Utawalowesha wageni mia tatu kwa ajili ya mwiko wangu? Kaa na ukumbi wako, mwanangu."

Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulichelewa kufuata. Wiki zilizofuata alinuna, akawafokea wasaidizi wake bila sababu, na siku ya harusi alikwenda akiwa na nia ya kutafuta kasoro.

"Vigelegele vilipoanza mlangoni, nikasimama," anasimulia huku akicheka.

Kwake yeye vigelegele ni amri ya kazi: bibi harusi ameingia, funua sufuria, panga sahani. Alishapiga hatua kuelekea jikoni pale jirani yake, fundi cherehani, alipomvuta gauni. "Kaa chini, wewe! Leo u mgeni."

Akakaa. Na kwa mara ya kwanza akamwona bibi harusi akiingia. Harusi zote alizopika, alikuwa amezisikia tu kupitia ukuta wa jiko.

"Sikujua kama watu husimama vile," anasema polepole. "Sikujua kama na baba hulia. Kaka yangu, mtu wa malori, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai."

Binti mwenyewe, kwa simu, anakumbuka upande wake. "Naingia tu, macho yakaenda mlango wa jikoni. Maisha yangu yote ndiko nilikomtafuta. Sikumwona, moyo ukanilipuka. Kugeuka, yuko meza ya mbele, amepaka na rangi ya mdomo!"

Na chakula?

"Kilikuwa kizuri," Shangazi anakubali, si kwa furaha sana. "Wali umechambuka. Nyama nimeitafuna nikitafuta kosa, kosa silioni. Nikachukua sahani ya pili ili nihakikishe."

Mpishi wa ukumbi, mwanamume wa makamo, alipodokezwa mama yule ni nani, alitoka kumsalimia. "Dada, nimeiogopa meza yako kuliko meza ya wakwe," alimwambia, kisha akamkaribisha jikoni kwake.

Tangu siku hiyo wanapigiana simu. Ndiye aliyemweleza kwamba msimu wa harusi nyingi ukumbi huchukua mpishi wa pili, mradi awe na cheti cha afya na apikie gesi. Cheti Shangazi ameshapata. Majiko ya gesi amenunua mawili kati ya manne yanayotakiwa.

Lakini mpango anaouzungumzia zaidi ni mwingine. Mwanawe wa mwisho wa kumzaa mwenyewe, fundi pikipiki, anaoa baada ya miezi mitano. Sherehe itakuwa kwenye uwanja wa shule, hakuna mkataba wala mpishi wa lazima, na mtaa mzima unajua nani atapika.

Mtaa haujui. Shangazi amemwomba mpishi wa ukumbi aje kupika, maana ni siku yake ya mapumziko, naye amekubali kwa sharti moja: mama wa bwana harusi asikanyage jikoni.

"Nimemwahidi," anasema. "Nitakaa mbele kabisa, nimwone mwanangu akiingia."

Anaiinamisha sufuria ya tano juani, kando ya zile nne.

"Ila mchuzi, nimemwambia, aniletee mezani nionje chumvi kwanza."