Kompyuta Isiyobebeka

Mtaa mzima ulimwita Fundi Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Alikuwa nao kwenye cherehani, alikuwa nao akila, alikuwa nao hata msibani, na wasio na haya walisema siku akifa atalipima kaburi lake mwenyewe na kulalamika kwamba limebana kiunoni. Hakukosea kipimo hata siku moja. Suruali aliyoishona yeye ilikukaa utadhani ulizaliwa nayo. Hilo alilijua, na alihakikisha nawe unalijua kabla hujatoka dukani.

Basi kitinda mimba wake, binti pekee, alipopata nafasi chuoni kusomea uchoraji wa ramani za nyumba, pakazuka swali la kompyuta. Sebuleni ilikuwepo moja ya mezani, kuukuu, ambayo mjomba wa binti aliipata kazini kwake ofisi ilipobadilisha mashine. Fundi Futi aliishonea vazi la satini lenye lesi pembeni, na kuivua vazi hilo kulihitaji ruhusa yake. Ukiiwasha unaweza kwenda kuosha vyombo, ukavifuta na kuvipanga kabatini, ukirudi bado inajifikiria. Fundi wa kompyuta alisema inafufuka: iongezewe memori, iwekewe diski mpya na kadi ya picha, itachora ramani bila kukwama. Au kwa pesa zile zile wanunue laptopu.

Lililofichika chini ya swali hilo wote walilijua. Kompyuta ya mezani ingebaki mezani, na binti angebaki nayo: asubuhi ang'oke kwenda chuoni, ng'ambo ya mji, jioni arudi nyumbani. Laptopu ingekwenda naye bwenini. Fundi Futi alikwisha kuagana na wavulana wawili, mmoja akipiga simu akiwa na shida tu, na mwingine shida hapati kabisa. Aliyebaki kumtania mezani ni huyu mmoja, na nyumba bila huyu aliiogopa kweli kweli. Lakini mwanamume mzima ataanzaje kusema maneno kama hayo? Akaamua kusema habari za mitambo.

Kikaitishwa kikao. Mjomba alipewa kiti chenye mto, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa usiku katika ofisi kubwa, na mtu aliyesinzia miaka yote ile jirani na kompyuta, familia iliona, hawezi kukosa kuambukizwa elimu.

"Laptopu," mjomba akasema baada ya kukohoa kitaalamu, "inachemka. Hii ya mezani ina feni. Na feni ndiyo kila kitu."

"Umesikia?" Fundi Futi akamgeukia binti yake. "Feni."

"Lakini mjomba, hata laptopu ina feni."

"Ndogo," mjomba akasema.

"Ndogo!" Fundi Futi akadakia, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Shangazi, dada yake Fundi, alikuwa upande wa laptopu, ingawa kwa sababu zake. "Watoto wa wenzetu wanapita nazo hapa mtaani kila mtu anaona. Wetu apite na nini kwapani, meza?"

Binti akavuta pumzi. "Baba, tulivyoambiwa siku ya kujiandikisha, darasani kila mtu anachora na mashine yake mbele. Mwalimu anapita, anakosoa hapo hapo. Mimi yangu ikiwa sebuleni, atakosoa nini?"

"Utachora kwenye karatasi. Jioni unakuja kuhamishia."

"Wenzangu watakuwa wameshamaliza."

"Haraka haraka haina baraka," Fundi Futi akasema, na kikao kikafungwa kwa methali, kama vifungwavyo vikao vyote vilivyoshindwa hoja.

Hata hivyo, ili asionekane dikteta, kesho yake alikubali kwenda na binti dukani kuziangalia hizo laptopu. Laiti asingekwenda. Alishika kifuniko cha ya kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua kama anavyosugua kitambaa, akamuuliza muuzaji kama hakichuji. Ya pili aliipindua kutafuta mishono. Ya tatu aliifungua na kuifunga mpaka muuzaji akaweka mkono juu yake kwa adabu.

"Hapa kwenye bawaba," Fundi Futi akatoa hukumu, "patachakaa kama kiwiko cha shati. Na nyepesi mno. Kitu cha maana kina uzito."

Binti alirudi nyumbani, akaivua kompyuta ya sebuleni vazi lake bila kuomba ruhusa, akaiwasha, akaenda kuosha vyombo. Fundi Futi alisikia sahani zinavyogongana, akajua zinaambiwa yeye.

Mkewe alikuwa msusi, na wasusi husikia mengi kwa kuwa wateja hawawezi kuondoka nusu kichwa. Alisubiri mpaka mteja wa mwisho alipotoka barazani, akaweka kitana chini.

"Fundi, wewe hukatai laptopu. Unakataa mtoto kuondoka."

"Nani kasema? Mimi naongelea feni."

"Feni haijawahi kumliza mtu. Jana pale kwenye cherehani ulikuwa unalia nini?"

"Vumbi la kitambaa."

"Mficha maradhi, mume wangu, kifo humuumbua. Kaka zake hukuwafungia, hawaji. Huyu ukimfungia, siku akitoka ndio atarudi?"

Fundi Futi alivuta utepe wake huku, akauvuta kule. Asubuhi akaitangazia familia kwamba, baada ya uchunguzi wake wa kina, amegundua laptopu inafaa zaidi. Shangazi akapiga kigelegele. Mjomba akasema hata yeye alikuwa na wazo hilo hilo.

Laptopu ikanunuliwa, na Fundi Futi akaishonea mkoba. Wateja walisubiri suruali zao wiki nzima huku yeye akishona turubai jepesi, bitana laini, sponji katikati, mkanda aliompimia binti begani akiwa wima na akiwa amekaa. Ndani mlikuwa na mfuko wa kalamu, mfuko wa rula, hata mfuko wa mwavuli. Siku ya kuondoka mtaa ukausifu mkoba, na Fundi akapokea sifa zote bila kubakiza.

Binti akasimama mlangoni ameshika chaja, na waya wake na lile tofali lake jeusi. "Baba, na hii inakaa wapi?"

Fundi Futi akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Lo! Nimepitiwa. Sasa iache tu, mwanangu, betri si imejaa? Utakuja kuichukua Jumamosi."

Binti akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaiweka chaja juu ya cherehani, akaenda zake. Mama mtu alitafuna ncha ya kitana.

Wiki hiyo Fundi Futi hakuwa na raha. Kila akikanyaga cherehani aliiona ile chaja, na akili ikamwambia kwamba betri imekwisha siku nyingi, mtoto yuko darasani na kioo cheusi, na mwalimu anapita. Usiku wa Ijumaa alikuwa ameshajitukana vya kutosha kwa mtu mmoja.

Jumamosi binti akatokea, mkoba begani, anacheka. Fundi Futi akainuka na chaja mkononi hata salamu hazijaisha. "Chukua, mwanangu, chukua. Umeteseka sana?"

"Wala. Ya mwenzangu wa chumbani inaingia kwenye yangu, tunapeana."

Fundi Futi akabaki na waya unaning'inia. "Sasa... umekuja kufuata nini?"

"Nyie. Kwani mpaka niishiwe chaji ndio nije kwetu?"

Fundi Futi akauomba ule mkoba. Akakaa kwenye cherehani, akavuta droo, akatoa mfuko uliokwisha kukatwa na kupindwa kingo tangu siku za kushona mkoba, turubai lile lile, bitana ile ile. Akaubandika ubavuni, akaushona pande tatu, bila kupima chochote. Chaja ikaingia ikakaa, haibani wala haichezi.

Binti akautazama mfuko, akamtazama baba yake.

"Nilipitiwa," Fundi Futi akasema, macho kwenye sindano.