Nilisema na Jezi Zisizofuliwa

Nilifukuzwa kazi ya kufua jezi za timu kwa sababu nilizifua. Sikuiba hata soksi, sikuunguza shati kwa pasi, sikuchanganya nyeupe na nyekundu. Nilizifua zikatakata, timu ikafungwa, na mtu mmoja akashika kipaza sauti akatangaza mbele ya jukwaa zima kwamba nina gundu. Mtu huyo ni fundi viatu ambaye mtaa wote unamwita Nilisema. Habari zake ndizo nataka kuzieleza leo, maana yeye huzieleza kila siku kwa namna inayompendeza.

Kibanda chake kiko ubavuni mwa lango la uwanja. Ni mbao na bati tu. Ndani kuna sindano, uzi wa nailoni, kopo la gundi, na soli za matairi zilizotundikwa kama nyama buchani. Mbele ameweka mabenchi mawili, wala si ya wateja. Mteja husimama. Mabenchi ni ya mashabiki, wanaokuja asubuhi kuchambua mechi iliyopita na kubaki mpaka jua linainama wakichambua ijayo. Nilisema ndiye mwenyekiti wao na ndiye msemaji wao. Sijui nani alimchagua. Nadhani alichaguliwa na kipaza sauti, kwa kuwa ni chake. Mnadi mmoja wa mitumba alikiacha hapo kibandani, akaenda kutafuta chenji ya kulipia viatu vyake, mpaka leo anaitafuta.

Jina lake alijipa mwenyewe bila kujua. Timu ikishinda, anasimama: "Mimi nilisema!" Ikifungwa: "Mimi nilisema!" Ikitoka sare ndiyo kabisa, maana hapo anakuwa alisema pande zote mbili.

Haki yake nimpe. Kiatu alichokishona Nilisema hakifumuki. Tatizo ni kwamba mjadala ukipamba moto hakishoni, anakibandika gundi, anakandamiza kwa goti, na mdomo unaendelea.

Mimi nilikuwa mfuaji wa timu tangu mwanangu wa mwisho akinyonya. Kila baada ya mechi gunia la jezi lililetwa uani kwangu, naloweka, nasugua, naanika. Mtu anayefua nguo za watu huwajua kuliko wanaowashangilia. Nilijua beki gani anaogopa kuanguka, maana bukta yake ilirudi safi. Nilimjua golikipa, kijana mpole, magoti yake daima yana tope. Mashabiki walimwita Ukuta mwaka ulipoanza. Mpira ulipompita katikati ya miguu wakamwita Chujio. Nilisema alisimama juu ya benchi: "Huyu kijana mikono yake ina sabuni! Arudi kwao akadake kuku!" Wiki iliyofuata kijana akapangua penalti, na Nilisema huyohuyo akamkumbatia langoni mpaka kofia ikamdondoka. "Ukuta wangu! Mimi nilisema! Chujio walikuita watu wasiojua mpira."

Hakuna aliyemkumbusha. Benchi zima lilikuwa limeita Chujio.

Na kocha naye hivyohivyo. Alipokuja, mwembamba, na kofia aliyozoea kuigeuzageuza mkononi, walimwita Profesa. Baada ya vipigo viwili akawa Mzigo. Nyimbo za kumwondoa zilitungwa, na mume wangu ndiye aliyezipigia ngoma, maana ndiye mpiga ngoma wa mashabiki na rafiki wa Nilisema wa kufa na kuzikana. Ndiyo sababu Nilisema aliniita shemeji.

Sasa bomba la maji la mtaa wetu likakauka. Gunia likakaa kibarazani kwangu bila kufuliwa, na siku ya mechi wachezaji wakavaa jezi na tope lake. Wakawafunga watu waliokuwa wakitunyanyasa miaka yote.

Nilisema akaanza kutafuta sababu ya ushindi. Isingeweza kuwa kocha, kwa kuwa jana yake tu alikuwa ametangaza kwamba kocha afunge mizigo. Isingeweza kuwa golikipa, hakuna aliyekumbuka wiki hiyo ni Ukuta au Chujio. Zikabaki jezi. Benchi likakaa kikao, likakubaliana: jezi zisiguswe na maji mpaka timu ifungwe. Akaja mwenyewe uani kunipa habari, mume wangu nyuma yake.

"Shemeji, hilo gunia usiliguse."

"Nisiliguse vipi? Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako kwa sasa ni kutofanya kazi."

"Zinanuka, shemeji."

"Zinanuka ushindi!"

Mume wangu akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwachie bwana," akaniambia, "wewe mambo ya mpira unayajua wapi?"

Nikawaachia. Wakashinda tena, na tena. Jezi zikakakamaa, ya namba nne ukiiweka chini inasimama yenyewe. Paka wetu alihama kibaraza. Kusema kweli sikushangaa tulivyoshinda. Nani atamkaba mtu anayenuka vile?

Ndipo golikipa akaja kwangu peke yake, akainua fulana. Ubavu wote upele, umechubuka kwa kucha.

"Mama, nawashwa. Kona ikija, mkono mmoja unadaka, mwingine unakuna."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. Hakucheka. Nikaona hata machozi yanamlengalenga, nikajua mzaha umekwisha.

Nilibeba gunia mpaka chumba cha kubadilishia, nikamfungulia kocha mdomo wa gunia. Alirudi nyuma hatua.

"Mama, zifue."

"Mwalimu, na Nilisema je? Na benchi lake?"

"Timu hii ni yangu au ya fundi viatu?" Akageuza kofia yake. "Wewe fua. Watakaouliza, nitasimama nao mimi."

Nitasimama nao mimi. Maneno hayo nayasikia hata sasa.

Maji yalikuwa yamerudi. Nikaloweka, maji yakatoka na rangi ya udongo, nikabadilisha, yakatoka na rangi ileile, nikabadilisha tena. Nikasugua kwapa na kola mpaka vidole vikachubuka. Zilipokaa kambani zikipepea, nyeupe yake ikiwa nyeupe, nilijiona mtu mbele za watu.

Siku ya mechi nilikaa nyuma ya goli na ndoo za maji ya wachezaji, kama kawaida. Timu ilipoingia inang'aa, jukwaa zima likashika kichwa. Nikamsikia Nilisema kwa kipaza: "Nani amezifua? Nauliza, nani amezifua?"

Goli la kwanza beki wetu alijifunga mwenyewe, kwa kichwa, mtu hayupo hata jirani. La pili nililiona kwa macho yangu, hatua chache tu kutoka nilipokaa. Mpira ulikuja taratibu, wa kudaka na kubusu. Golikipa akapiga hatua, kiatu chake cha kulia kikafunua mdomo, soli ikabaki kwenye nyasi, yeye akaanguka kifudifudi, mpira ukampita ukaingia. Aliokota soli akaitupa nyuma kwa hasira, ikaangukia karibu na ndoo zangu. Niliiokota nikaijua. Soli ya tairi, gundi ya manjano, wala hakuna tundu hata moja la sindano. Kiatu hicho Nilisema alikibandika Alhamisi, alipokuwa anawaelezea watu kwa nini kocha hafai.

Nami nina hakika aliijua soli yake hata kutoka jukwaani. Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki walikwishaanza wimbo wa "Mzigo aondoke," na macho mengine yalikuwa yanauliza kiatu kile kilikuwaje. Nilisema akaruka ukuta mfupi akaingia uwanjani na kipaza chake.

"Ndugu zangu mashabiki! Hatukufungwa na wapinzani! Tumefungwa na beseni! Tulikuwa na bahati mkononi, yule mwanamke pale ameifua akaimwaga mtaroni! Ana gundu! Tangu lini nyumba yake ikafanikiwa kitu?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika ndoo kila mkono, sikujua pa kuziweka.

Kocha alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamtazama. Na yeye akatazama kofia yake, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Wimbo ulikuwa umebadilika. Sasa ulikuwa wangu, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na ngoma ya wimbo ule mpya, niliisikia vizuri, naijua mikono inayoipiga.

Nyumbani mume wangu alisema, "Mke wangu, kwani ungesubiri mechi moja tu, ungepungukiwa nini?"

"Kijana alikuwa anaoza mbavu."

"Mbavu zinapona. Pointi hazirudi."

Asubuhi katibu wa timu alituma watu wachukue gunia. Hilo lingeniuma likapoa. Lakini nilikuwa nikifulia pia majirani, na jirani wa mlango wa tatu alikuja kuchukua mapazia yake kambani yakiwa bado yanachuruzika. "Si kwamba naamini, dada," akasema, bila kunitazama usoni. "Ila binti yangu anaolewa mwezi huu, na watu wanaongea." Baada yake wakafuata wengine. Mmoja alikuwa na haya akasema amenunua mashine. Nyumba yake haina umeme. Kamba zangu zikabaki za kukalia ndege.

Timu nayo ikarudi kwenye uchafu ili bahati irudi. Walifungwa wakiwa wachafu, wakafungwa wakiwa wachafu zaidi. Gundu langu, alieleza Nilisema, lilikuwa limeingia kwenye uzi. Mwishowe wachezaji wote wakashikwa na upele, wakakataa kuvaa. Katibu akapeleka jezi kwa dobi mwenye mashine kubwa upande wa pili wa mji. Zikarudi zinanukia maua. Wakashinda.

Mnajua alisema nini. "Mimi nilisema tangu mwanzo! Usafi ndiyo mpira! Timu chafu haiwezi kupiga pasi safi!" Kocha akabebwa juujuu kutoka uwanjani mpaka kibandani, Profesa tena, kofia imeshikwa juu, na mume wangu mbele anapiga ngoma. Golikipa akawa Ukuta. Kila mtu akarudishiwa jina lake. Nikasubiri na langu lifike.

Lililofika ni gunia. Mashine ya dobi ilizifinya jezi mpaka mshambuliaji akiruka tumbo lote linaonekana, watu wakawa wanalicheka kuliko wanavyoshangilia magoli. Timu ikashona mpya, na hizo hawakutaka kumpa dobi. Jioni moja Nilisema akaingia uani kwangu na gunia begani, kocha nyuma yake, mume wangu akawapa viti kama wageni wa posa.

"Shemeji," alisema Nilisema, "mikono kama yako haipo mji huu. Mimi nilisema siku zote."

"Ulisema nina gundu."

"Ah! Mambo ya uwanjani hayo. Mpira ni dakika tisini, yanaisha."

"Wewe yaliisha. Mimi kamba zangu hizo hapo, zitazame. Nitazifua. Ila kwanza ukasimame palepale, na kipaza kilekile, useme sikuwafungisha."

"Shemeji, mimi nilisema jezi zifuliwe! Nani asiyejua?" Akamgeukia mume wangu. "Si nilisema?"

Mume wangu akakohoa.

Niliingia ndani nikatoa ile soli, nikaiweka mapajani mwake. Alinyamaza. Ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza akiwa macho. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye gundi yake ya manjano, akaikunja kuona kama tairi bado ni zima. Kisha akainua uso, mkunjufu kabisa.

"Hii bado nzima. Lete kiatu chake, shemeji, nikubandikie."

Nikamgeukia kocha. "Na wewe Mwalimu? Ulisema utasimama nao."

Kocha alisimama kweli. Alisimama, akavaa kofia yake, akasema amechelewa mazoezi. Giza lilikuwa limeanza kuingia.

Gunia niliwabebesha likarudi walikotoka. Sasa wachezaji wanafua wenyewe nyuma ya chumba cha kubadilishia, na ukipita utaona nyeupe zimeshakuwa za waridi. Timu inashinda, inafungwa, kama ilivyokuwa tangu nizaliwe. Majirani wachache wamerudi, wanaleta nguo kwa kupitia mlango wa nyuma. Mume wangu bado anapiga ngoma, nami chakula chake bado nampakulia, ila wimbo ule hajauzungumzia, na mimi simwulizi tena.

Nilisema ana deni langu la sentensi moja. Haina maneno mengi: yule mama alifua tu. Aiseme kwenye kipaza, jukwaa likiwa limejaa, wala si uani kwangu wala sikioni. Kocha anadaiwa kusimama kando yake akiisema, kofia ikiwa kichwani na mikono imetulia. Soli ninayo. Nimeitundika kwenye msumari juu ya beseni, na kibandani pale, nasikia, ameshaanza kuwaambia watu kwamba siku ile kiatu cha golikipa hakikubandikwa na yeye.