Verla Ahama Kiti

Verla Demchuk alipenda hoki ya barafu tangu usichana wake, na katika mji wao mdogo jimboni Saskatchewan, Kanada, kila mtu alikijua kiti chake nyuma ya goli. Pembeni yake alikaa jirani yake, Garth.

Jumamosi moja kipa wa wageni alipigwa kooni na kisahani, kile kipande cha mpira kigumu kama jiwe wanachokipiga kwa magongo. Akaanguka chali, miguu yake iliyofungwa kinga nene ikitapatapa juu ya barafu. Uwanja mzima ukashangilia.

"Amka, mtoto! Mama anakungoja na maziwa!" Garth alipiga kelele, makombo ya viazi yakimruka mdomoni.

"Garth, huyo hapumui!"

"Anaigiza tu, mama. Mwanamume gani anajifunga kitambaa shingoni kama bibi harusi?"

Kumbe kitambaa hicho kilikuwa kinga ya shingo, nacho ndicho kilichomwokoa. Kipa alipojiinua akikohoa, wakamzomea, watu wale wale ambao Verla alisali nao kanisani. Verla akavua jezi ya timu yao, akamtupia Garth mapajani, akazunguka kwenda kukaa upande wa wageni.

"We Verla! Umechanganyikiwa?"

"Mnanitia kinyaa, nyote!"

Timu yao ilishinda usiku ule, lakini yeye hakupiga makofi. Mpaka leo hakosi mechi, ila hukaa ng'ambo kwa wageni. Garth akimpungia mkono, yeye hukaza macho kwenye barafu.