Mdundo wa Bundala

Baba yangu, Malimi, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye hifadhi ya kisiwani, akifuatilia sokwe. Ujanani alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu, kundi la wachezaji ngoma wa Kisukuma, na masikio yale yale ndiyo aliyoyapeleka msituni. Sokwe dume akiwa safarini hupiga kwa miguu na mikono mizizi mipana ya miti mikubwa, na mlio ukafika mbali, wenzake wakajua yuko wapi. Kila dume ana mdundo wake. Baba aliijua yote, na wenyewe akawapa majina ya watu ya Kisukuma, jambo lililomkera mama kupita kiasi.

Mwaka 1995 upepo wa kupunguza wafanyakazi ulifika hata huko. Bosi mpya alitaka watalii, na watalii walitaka sokwe. Atakayeshindwa kuwaonyesha, jina lake linaingia kwenye orodha. Baba alikuja likizo Busisi, nilikokuwa nauza chai kwenye kivuko, amekonda.

"Si uwaite kwa mdundo?" nikamwambia. "Wewe fundi wa nini basi?"

"Nikipiga wa aliye hai, mwenyewe atajibu kutoka aliko. Wenzake watajua ni uongo."

"Basi piga wa aliyekufa."

Bundala, dume mzee, alikuwa amekufa miezi minane nyuma. Baba alimkuta chini ya mtini, akamfunika kwa majani.

"Wa marehemu siupigi, Odeta."

"Baba, ni wanyama! Unataka tule majani?" Nilikuwa na mdomo, Mungu anisamehe. Sikumwacha mpaka akakubali.

Aliporudi kisiwani, aliupiga mdundo wa Bundala kwenye mizizi ya mti mkubwa. Watalii sita walikuwa wamejificha nyuma yake. Haukupita muda akatokea Ndaki, dume aliyekuwa hamwachi Bundala hatua moja, anakuja mbio huku anapiga kelele. Akauzunguka mti. Akachungulia nyuma ya kila mzizi, akapanda, akashuka, akachungulia tena. Kisha akaketi. Watalii walipiga picha mpaka filamu zikaisha, na bosi akampa baba mkono.

Jina lake halikuingia kwenye orodha. Nilipopata habari hizo nilicheza pale pale kando ya jiko la chai.

Lakini kundi lilipohamia upande wa pili wa kisiwa kufuata matunda, Ndaki hakwenda. Kila asubuhi baba alimkuta kwenye mti ule. Anapiga mzizi, ananyamaza, anasikiliza. Anapiga tena. Mbavu zikaanza kuonekana. Bosi akaona ni bahati, maana sasa kuna sokwe asiyehitaji kutafutwa, akawa anawaleta watalii pale kila wiki.

Mwezi wa tatu tangu aupige mdundo ule, baba aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyumbani na begi moja.

Nilimfokea mbele ya wateja. Sikumwambia hata shikamoo. "Kwa ajili ya sokwe, baba? Sokwe mmoja?"

Alikaa kwenye benchi, akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Alikuwa ameshazoea kwamba Bundala hayupo," akasema. "Sisi ndio tuliomwambia amerudi."

Nilirudi jikoni nikawamiminia wateja chai. Baba aliishi miaka sita mingine, na hakunilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu.