Chumvi Kwenye Waya wa Ardhi

Papa hakuwa na neno na umeme. Neno lake lilikuwa na mimi. Msichana kupanda ngazi na kushika nyaya, alisema, ni kukitafuta kifo kwa tochi. Alitaka nisomee uuguzi. Mimi ni mkaidi, na ukaidi huo nimeurithi kwake, basi niliendelea kwenda kila asubuhi kwa fundi aliyekuwa akinifundisha kazi mjini.

Umeme wa mji ulipofika mtaani kwetu, pembezoni mwa Bunia, tulipatana. Ningefunga nyaya za nyumba yetu peke yangu. Mwezi mmoja ukipita bila kasoro, angeniachia kazi yangu. Ikitokea kasoro hata moja, ningeandikishwa shule ya uuguzi. Nilikubali haraka, kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kushinda.

Nilifanya kazi siku nne. Fundi wangu alikuja kukagua, akavuta waya mmoja mmoja, akasema ni safi. Shimo la nje tu hakuliona, maana nilikuwa nimeshalifukia.

Nyumba yenye umeme huwa na waya unaoshuka ardhini, ili umeme ukitoroka uende chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Waya huo hufungwa kwenye chuma kilichopigiliwa shimoni, na mafundi wa kwetu hukizungushia makaa na chumvi ili udongo upitishe umeme vizuri. Mimi, kwa bidii yangu, nilimwaga chumvi nusu mfuko pale ambapo viganja viwili vingetosha. Tena nikafukia juu juu, nyuma ya nyumba, penye njia ya ng'ombe wetu sita wanaporudi zizini jioni. Mtoto wa mfugaji, niliyewalambisha ng'ombe chumvi mkononi tangu sijang'oa meno ya utoto, sikuwaza.

Juma la tatu mvua kubwa ilinyesha. Kulipopambazuka nilimkuta Papa nyuma ya nyumba, mikono mgongoni. Ng'ombe walikuwa wamechimbua shimo kwa pembe na kwato, nao wanalamba udongo kwa raha zao. Chuma kilikuwa kimelala nje, waya umekatika.

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Ndani taa zilikuwa zinawaka kama kawaida, na Papa hakujua chuma kile ni cha nini. Ningeweza kumwambia ni kitu cha bure, kisha nikirudishe akienda malishoni. Zilibaki siku tisa tu. Siwezi kusema uongo, nilifikiria hivyo kwa muda mrefu. Lakini jikoni kulikuwa na friji, na mama yangu huifungua akiwa pekupeku, mikono ikichuruzika maji.

Nikaenda kuzima umeme wa nyumba nzima. Niliporudi nilimweleza Papa yote: kazi ya kile chuma, hatari ya kukaa bila hicho, ile chumvi, na kwamba kosa ni langu, si la ng'ombe.

Nikachimba shimo jipya upande wa pili wa nyumba, likafika kiunoni, nikatia makaa bila chumvi na kulifunika kwa mawe mazito. Papa alileta kiti akakaa kunitazama mpaka mwisho, bila kunisaidia hata koleo moja. Moyoni nilikuwa nimeshavaa blauzi nyeupe ya wauguzi.

Nilipomaliza aliniuliza kama angejua, endapo ningenyamaza. Nikamwambia hapana, asingejua mpaka siku mmoja wetu apigwe na umeme.

Akainuka na kiti chake.

“Basi weye utafunga umeme mpaka mu zizi,” alisema. “Ampule moja ya kuangaza, pale ndama inalalaka. Mutu ingine asiguse kule.”

Nililia palepale, na koleo mkononi. Tangu tukimbie vita kwetu Fataki na hao ng'ombe sita, mali yote iliyotubakia, Papa hakuwa amemwachia mtu yeyote hata kuwafungia mlango.