Orodha ya Safari ya Ziwani

Ninakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi nimejitahidi kuisahau. Kwa kuwa nimeshindwa, bora nikupe wewe, labda itakufaa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa sekondari, hapa Bunia, katika miaka ile ya vita. Kulikuwa na vipindi vifupi ambapo wakubwa walitangaza kwamba vita imekwisha. Walitangaza mara nyingi. Kila walipotangaza, shule zilifunguliwa, tulifagia madarasa, tukaangalia nani amerudi na nani hajarudi, kisha tukaendelea na somo pale tulipoishia, kana kwamba mwalimu alitoka kidogo tu kutafuta chaki. Katika kipindi kimoja cha namna hiyo, mwalimu wetu wa jiografia, mwalimu Dieudonné, aliona kwamba tumechora Ziwa Albert ubaoni vya kutosha. Sasa twende tulione. Ziwa haliko mbali na mji, lakini zaidi ya nusu ya darasa hawakuwa wamelitia machoni, maana njiani kulikuwa na watu wenye bunduki.

Tulipata kamio, yaani lori, ya mchuuzi mmoja wa samaki. Ndivyo shule yetu ilivyosafiri wakati huo: kamio ilishuka ziwani asubuhi ikiwa tupu, ikarudi alasiri imejaa samaki wa chumvi na wanafunzi juu yao. Ukitoka safari ya shule, mama yako alikunusa kabla hajakusalimu.

Mimi nilikuwa chef de classe, yaani kiranja wa darasa. Cheo hicho sikupewa kwa bahati mbaya, nilikitafuta. Niliandika orodha ya wapiga kelele, niliandika orodha ya wachelewaji, na nadhani kama ningeachiwa ningeandika na orodha ya waliopiga chafya. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mtoto mwenye mwandiko mzuri huamini kwamba dunia nzima imekaa inangoja aje aiandike.

Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, aliniita ofisini kwake.

"Utengeneze listi ya batoto bote benye banaenda," akasema. "Majina tu. Ni kwa ajili ya barieri, baone ni banafunzi. Umesikia?"

Barieri ni vile vizuizi vya barabarani: mti umelazwa njiani, na kando yake vijana wenye silaha wanaotaka kujua wewe ni nani. Majina tu, alisema. Mimi nikamwona mvivu. Wewe unazijua fomu za shule zetu, mwanangu, zinauliza kila kitu: jina, jina la pili, jinsia, mahali pa kuzaliwa, kijiji cha asili, kolektivite, yaani eneo la chifu wenu. Orodha yenye majina tu, machoni pangu, ilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani na shati bila suruali. Nikachukua rula, nikachora safu sita.

Sitataja makabila hapa. Anayejua anajua, na asiyejua hapungukiwi kitu. Inatosha kusema kwamba vita ile ilikuwa na pande, na jina la kijiji cha baba yako lilitosha kumwambia mtu usiyemjua uko upande gani. Kulikuwa na mahali ambapo jibu hilo ndilo lililoamua kama utarudi kwenu.

Niliketi benchi moja na Josué. Alikuwa amekuja mjini na shangazi yake mwaka mmoja kabla, wakikimbia kijiji chao upande wa Djugu. Alikuwa mchekeshaji, na alichora ramani kwa mkono kuliko yeyote darasani. Mito yake ilipinda mahali inapopinda kweli. Aliniona nikichora safu.

"Eh, shefu, unatuandikia kitabulisho?"

"Ni kwa safari. Kwenu ni wapi?"

"Ariwara."

"Josué, weye hauko wa Ariwara."

"Andika Ariwara, bwana. Shangazi anasema siye ni batu ba Ariwara sasa." Akacheka. "Hata kiswahili chao najifunza. Andika tu."

Ariwara iko kaskazini kabisa, karibu na mpaka, mji wa soko. Mtu wa huko alikuwa nje ya ugomvi wetu. Nikaandika Ariwara. Lakini siku nzima neno hilo lilinikera kama punje ya mchanga kwenye wali. Si kwa sababu nilimchukia. Nilimpenda. Lilinikera kwa sababu halikuwa sahihi, na chini ya karatasi ile kungekuwa na maneno "imetayarishwa na", kisha jina langu. Basi siku iliyotangulia safari nilikwenda kwa sekreteri wa shule, nikaomba rejista kubwa, nikaiandika upya orodha yote nikinakili kijiji cha kila mmoja kutoka humo. Prefe aligonga muhuri huku akizungumza na mgeni. Mwalimu Dieudonné aliweka sahihi bila kusoma.

"Kama ni weye umeandika," akaniambia, "siwezi kuhangaika na kosa."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na urefu wa mita tatu.

Asubuhi tukapanda. Nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, nikakaa mbele kabisa, juu ya gurudumu la akiba, na orodha yangu ndani ya plastiki. Josué alikaa nyuma na wenzake, akiiga sauti ya prefe, na kamio nzima ikicheka. Barieri ya kwanza walitupungia mkono. Ya pili ilikuwa pale barabara inapokaribia kuteremka, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mbali, kipande cha bluu chini ya ukungu. Tulikuwa bado tunapiga kelele za kuliona wakati dereva aliposimama.

Vijana walikuwa watano au sita. Mkubwa wao pengine hakufika miaka ishirini. Mwalimu Dieudonné akashuka, akawasalimu vizuri, akawapa orodha. Tulitazamia mkubwa wao akague muhuri na atuachie. Kumbe huyu alikuwa amesoma. Alisoma taratibu, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole.

"Nani aliandika hii?" akauliza. "Iko muzuri sana."

Nikanyoosha kidole. Mwanangu, nilinyoosha kidole, kama darasani.

"Ni miye. Miye ndiye chef de classe."

"Félicitations," akanipongeza, na akaonekana kusema kweli. Kisha akainua macho. "Josué ni nani?"

Josué akasimama.

"Weye wa wapi?"

"Wa Ariwara, yaya," akajibu, kama anayemwita kaka yake mkubwa.

"Ariwara." Akatazama karatasi, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Shefu, hapa umeandika ingine. Nani anadanganya, yeye ao weye?"

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Watu huniambia nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini hata mtoto anajua neno "nimekosea". Nilikuwa na nafasi ya kulisema. Ningesema: nilichanganya mistari, yaya, nilikuwa na usingizi, huyu ni wa Ariwara, tunakaa benchi moja. Ingetosha au isingetosha, sijui. Badala yake nilishika kile nilichozoea kushika.

"Nilikopia ku rejista," nikasema.

Kijana akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu. "Shuka," akamwambia Josué.

Mwalimu Dieudonné akaanza kuzungumza haraka. Huyu ni mwanafunzi, ni yatima wa baba, ni mtoto wa darasa langu. Akasukumwa kwa kitako cha bunduki. Akainuka, akajipangusa magoti. "Basi kama anabaki, nabaki naye," akasema. Hawakumkatalia. Wakamwambia dereva aondoke na wengine. Josué alipita kando ya gurudumu nililokalia. Hakunitukana. Aliniangalia tu, kama vile ningekuwa ramani ya nchi ambayo hajawahi kuisikia.

Dereva hakuthubutu kugeuza, na samaki wake walikuwa wanamngoja. Kwa hiyo tuliliona Ziwa Albert. Tulisimama ufukweni dakika nyingi bila mtu kuvua viatu. Msichana mmoja alikuwa analia kwa sauti ndogo, mfululizo, na mtu mmoja aliyekuwa akianika samaki akamuuliza kama ana njaa.

Tuliporudi alasiri, mti ulikuwa bado umelazwa njiani, lakini vijana walikuwa wengine. Mwalimu Dieudonné alikuwa amekaa kwenye jiwe, peke yake, bila viatu. Alipanda, akakaa juu ya samaki.

"Waliniambia ningoje hapa," akasema. "Nilingoja."

Kamio ikaondoka kuelekea mjini.

Jumatatu nilimletea compte rendu, maana kila safari ya shule ilidai ripoti. Kurasa mbili. Niliandika upana wa ziwa, aina za samaki, namna wanavyokaushwa. Ndiyo, niliandika. Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nitakwambia kwamba nilikuwa nafanya kila niwezalo nisifikiri. Mwalimu alinirudishia bila maksi. Chini alikuwa ameandika swali moja kwa biki nyekundu: "Mulirudi wangapi?"

Josué hakurudi, wala siku hiyo wala baadaye. Hakupatikana hata mahali pa kumwombea.

Shangazi yake alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, sokoni. Kila asubuhi alikuja hadi kwenye lango la shule, akatazama wanaoingia mpaka wa mwisho, kisha akaenda kazini. Mimi nilijifunza kuingia kwa kupitia nyuma, penye vyoo. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima. Halafu siku moja nikakuta tundu la ua nililokuwa nikipitia limezibwa, na hiyo ndiyo sababu ya ujasiri wangu, usiutafutie nyingine. Niliona siwezi kumkwepa tena, nikaamua kumfuata kwake. Nilimkuta uani, anatwanga majani.

"Shangazi, ni miye niliandika listi."

Hakuacha kutwanga. "Najua. Mwalimu aliniambia."

"Niliandika yenye iko ku rejista."

"Josué alikuambia umuandike wa wapi?"

"Wa Ariwara."

"Basi ulikuwa unajua."

"Nilitaka ikuwe sawa, Shangazi."

Hapo akasimamisha mchi. "Ilikuwa sawa," akasema. "Kila kitu uliandika ni ya kweli. Hakuna mutu atakuambia ulidanganya." Akanipa mchi. "Twanga."

Nikatwanga. Sikuwa nimewahi kutwanga sombe. Nyumbani ilikuwa kazi ya dada zangu. Majani yaliruka nje ya kinu, akayaokota moja moja, akayarudisha. Mikono iliponiuma nikataka kupumzika, akanionyesha kwa kidevu niendelee. Ni wakati huo aliponiambia maneno ninayokuletea leo.

"Sikia, mutoto. Mutu akikuambia kwabo ni fulani, andika fulani. Usiende kumutafuta ku rejista. Yeye ndiye anajua anakimbia nini. Weye hauko polisi, hauko Mungu. Uko mutoto na biki. Na kama mwenye bunduki anakuuliza mara ya pili, sema ulikosea. Utapata haya kidogo, halafu itaisha. Yangu miye haitaisha."

Hakusema amenisamehe. Nilisubiri aseme, nakiri, kwa sababu nilidhani ndiyo kanuni: unaungama, unatwanga, unasamehewa. Alichukua kinu chake akaingia ndani.

Muda si mrefu vita ikaingia mjini kwenyewe, shule ikafungwa, tukakimbia kama wengine. Niliporudi nilikuta kurasa za ile rejista kubwa kwa mama mmoja anayeuza karanga. Alizikunja kama pembe na kuzijaza. Nilinunua moja, nikasoma vijiji vya watu nikitafuna. Mwalimu Dieudonné tulikutana miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari na diploma zangu za chuo kikuu, mtu wa kuandika makala na kusahihisha makala za wengine. Alinipa mkono. Hatukuzungumza juu ya ziwa.

Sasa mwanangu, wewe una miaka niliyokuwa nayo, una mwandiko mzuri, na walimu wanakusifu. Darasani kwenu wamo watoto waliotoka kambi za wakimbizi, wanaosema wanatoka mahali fulani, na ukiwasikiliza vizuri unasikia kwamba si huko. Waache. Ukiombwa majina, toa majina, usiongeze safu. Ukiona unakaribia kutenda jambo ili tu usifiwe kwamba huna kosa, weka kalamu chini kwanza, ujiulize ni nani atakayelipa sifa hizo. Kusema kweli ni wajibu wako pale kweli ni yako mwenyewe. Ya mwenzako ni ya mwenzako, naye ndiye mwenye kuamua aitoe wapi na kwa nani. Na ukiwa umekwisha kukosa, kosa likiwa bado linaweza kurudishwa, usilitetee hata kwa pumzi moja. Mimi nililitetea kwa maneno matatu.

Mungu akupe akili, lakini akupe na woga wa akili hiyo. Akuepushe na sifa za watu wenye silaha. Na kama siku moja atasimama mtu mbele yako akuulize huyu mtoto kwao ni wapi, Mungu aufungue mdomo wako useme hujui, hata kama unajua; na mtoto huyo afike kwao.