Rangi ya Ndani ya Pera

Shule nilienda mpaka darasa ya nne, halafu mimi na shule tukaachana bila ugomvi. Miaka hiyo ya imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya wazungu, nilikuwa fundi ya rangi Ruiru, kwa shamba moja ya kahawa. Fundi ni jina ya heshima tu. Siku nyingi suruali yangu ilikuwa inapata rangi kuliko ukuta.

Mtoto wetu wa kwanza alikufa Thika, kwa chumba yetu ya Makongeni. Homa ya siku tatu. Tukamzika kwetu, magharibi, na mke wangu akabaki kwa wazazi wake. Hakunitukana. Alisema tu, "Ile chumba na chokaa yake ni nyeupe sana. Siwezi kuiangalia tena." Nikarudi kazini peke yangu. Salamu zake zikawa zinakuja kidogo kidogo, halafu zikakatika.

Sasa memsahibu wa shamba akataka chumba yake ya kulia chakula ipakwe nyekundu, lakini si nyekundu ya kupiga kelele. Tulichanganya asubuhi mzima: nyekundu, nyeupe kidogo, tena nyekundu. Ikatoka kama pera iliyoiva ukiipasua. Ilipokauka, chumba ikawa kama kuna mahali moto inawaka, na hakukuwa na moto. Nilisimama hapo na brashi mkononi nikiona nyumba ya mama yangu, ukuta wa udongo ukipigwa na jua ya jioni. Nikaomba ile imebaki. Nikaambiwa chukua.

Nikafunga mkebe nyuma ya baiskeli. Njiani askari wakanisimamisha, mmoja akafungua.

"Hii ni damu ya nani?"

"Ya ukuta, afande."

Hakucheka. Mimi pia nikaacha kucheka. Siku hizo watu walikuwa wanapotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Akatia kijiti, akanusa, akaniambia nipotee.

Jumapili nikasugua chokaa ya chumba yetu na msasa, nikapaka. Nilikuwa nimemaliza kuta tatu, nikipiga mluzi, wakati shangazi ya mke wangu alibisha hodi. Dada ya baba yake. Wakwe walikuwa wamemtuma aone kama mimi bado ni mtu wa kurudishiwa mke.

Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mke yako alikufa lini?"

"Mama?"

"Nauliza. Mbona sisi hatukuambiwa?"

Hapo ndio jasho ilinitoka. Kwetu kukandika ukuta ni kazi ya mwanamke. Mwanaume akikandika nyumba yake kwa mkono wake, anaambia watu hana mke tena. Na mimi nilijua! Nimezaliwa huko. Lakini nilikuwa nimepaka kuta za wazungu mpaka nikasahau yangu pia ni ukuta.

"Mama, hii si udongo. Ni rangi ya duka."

"Mkono ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Akaingia, akakaa kwa kitanda, akaangalia muda mrefu. "Ni nzuri," akasema. "Mtu anaweza kuilamba. Ulikuwa unampakia yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe. Weka brashi chini. Ukuta wa nne usiguse, huo ni wa mkono yake. Hata ukiota unaupaka, amka."

"Na akikataa kuja?"

"Utakaa na kuta tatu."

Nilikaa nazo wiki nyingi. Jirani akauliza, "Ndugu, imeisha rangi ama akili?" Nikamwambia zilikuwa kwa mkebe moja. Akaondoka akicheka, na mimi nikafunga mlango.

Mke wangu alikuja saa tisa mchana, peke yake na mzigo yake. Hakunisalimia. Alizunguka akigusa kuta na vidole. Ukuta mweupe ulikuwa ule wa kitanda, upande mtoto alikuwa analala. Akavuta kitanda.

"Iko wapi?"

Nikampa mkebe na brashi. Brashi akaiweka chini. Akatia kiganja chote ndani, akaanza kukandika kutoka chini, nusu duara, nusu duara, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya.

"Hiyo haitoki na maji," nikasema.

"Najua."

Alipofika mahali pa mto wa mtoto, mkono ukasimama. Alilia hapo, sauti yote, mpaka jirani akaacha kukata kuni. Halafu akatia mkono kwa mkebe tena. Akapanda mpaka mahali hafiki, akavuta kiti, akakanyaga. Kilikuwa na mguu mbovu, kazi yangu mwenyewe.

Nikachukua brashi. "Hapo juu nikusaidie?"

"Wewe shika kiti."

Nikapiga magoti, nikashika kiti na mikono mbili mpaka akamaliza.